Vidonge vya Mama na Hofu ya Saratani

SWALI: Shikamoo, Bibi Mshauri. Ninaishi na mama yangu hapa Makorora, Tanga, naye ana kisukari kwa mwaka wa tisa sasa. Chai yake ya asubuhi, ya alasiri na ya usiku alikuwa akiitia vidonge viwili viwili vya utamu badala ya sukari. Mwezi uliopita mjomba alirudi kutoka barazani kunywa kahawa akiwa na habari kwamba vidonge hivyo vinaleta saratani, akalitupa kopo lote, na tangu siku hiyo mama amerudia vijiko vitatu vya sukari kwa kila kikombe. Kopo lilikuwa limeandikwa aspatemu, miligramu 20 kila kidonge. Ukweli ni upi? Nami nilitaka kuvitumia ili nipungue mwili.
Binti wa Makorora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na lililo la haraka. Vijiko vitatu vya chai katika kila kimoja cha vikombe vitatu, hata visipojazwa hadi kufurika, ni takriban gramu 36 za sukari kwa siku, na hizo zinampandisha mama yako sukari mwilini leo hii, mjadala wa saratani uwe umekwisha au haujaisha.

Mjomba wako hakuzusha. Julai 2023 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka aspatemu katika kundi la 2B, yaani miongoni mwa vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Kilichopotea kabla habari haijafika barazani ni maana ya kundi lenyewe. Makundi hayo hupangwa kwa kupima uzito wa ushahidi, na hayamwambii mtu hatari ni kubwa kiasi gani wala inaanzia kwenye kipimo gani. Humo humo ndani ya 2B imo dondoo ya jani zima la mshubiri. Ushahidi dhidi ya aspatemu, hasa ule wa saratani ya ini, wataalamu hao wenyewe waliuita finyu.

Wakati huohuo, kamati ya wataalamu wa viungio vya chakula ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Afya Duniani iliipitia upya aspatemu na kukiacha palepale kiwango kinachokubalika, yaani miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Tuchukue kwamba mama ana kilo 60: kiwango chake ni miligramu 2,400, ilhali vidonge vyake sita ni miligramu 120 tu. Ili aufikie ukomo huo ingembidi ameze vidonge 120 kwa siku.

Wanaoendelea kuuliza wana haki ya kuuliza. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia watu wazima zaidi ya 100,000, uliona saratani imezidi kidogo kwa watumiaji wakubwa wa vitu vya utamu visivyo sukari, kama aspatemu. Lakini anayekimbilia vidonge mara nyingi tayari ni mnene au ana kisukari, na hali hizo nazo huambatana na baadhi ya saratani, hivyo ni vigumu kujua kipi kimesababisha kipi. Aliyezaliwa na fenilketonuria, ugonjwa adimu, ndiye asiyepaswa kuigusa aspatemu kabisa, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuivunjavunja fenilalanini, kijenzi cha protini kilichomo ndani yake.

Kwako wewe jibu langu ni tofauti. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri vitu hivi visitumiwe kwa kudhibiti uzito, kwa sababu haikuonekana kwamba vinapunguza mafuta ya mwili kwa muda mrefu. Ushauri huo haukuwahusu wenye kisukari tayari. Ninaona ni heri upunguze nusu kijiko cha sukari kila wiki, na chai uipike kwa mchaichai na iliki mpaka ulimi uzoee.

Mnunulie mama kopo lingine lenye maandishi yanayosomeka, umsomee mjomba hesabu hii kwa upole, maana alitupa lile kwa kumpenda dada yake. Kisha kwa wiki mbili mpime mama sukari kabla ya chai ya asubuhi na saa mbili baadaye, uandike namba zote katika daftari lake la kliniki, na mwende nalo kwa daktari wake.