Barua kwa mwanangu: kuhusu saini za Chicago

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa barazani baada ya kumpa baba yako dawa zake. Ana nafuu, usihangaike. Umesema unajitolea kwenye kampeni ya mama mmoja anayewania Seneti ya jimbo la Illinois, na Jumamosi mtakaa kukagua saini za wadhamini wa mpinzani wake, ili zikipungua aondolewe kwenye karatasi ya kura. Uliposita, wenzako wakakwambia hata Obama alianza hivyo. Ukaniuliza mambo mawili. La kwanza, je, ni kweli? La pili ndilo lililoninyima usingizi: "Mama, kuna tofauti gani na wagombea kuenguliwa kwetu Tanzania?"

Ni kweli. Tulifika Chicago mwaka 1995, tukapanga upande wa kusini, si mbali na Hyde Park, baba yako akisoma na mimi nikilea watoto wa watu. Kura hatukuwa nayo, lakini eneo lenyewe lilikuwa hilohilo, eneo la 13 la Seneti ya jimbo, na mambo yale yalizungumzwa hata kwenye foleni ya mashine za kufulia.

Kiti kilikuwa cha Alice Palmer, mwanamke aliyeheshimika sana pale. Mwaka huo mbunge wa Kongresi, yaani bunge la taifa, wa eneo lile, Mel Reynolds, alipatikana na hatia mahakamani akajiuzulu, na Palmer akaamua kukiwania kiti chake. Akamtambulisha kijana mwanasheria, Barack Obama, kuwa ndiye amwachiaye nafasi yake Springfield, mji mkuu wa jimbo ambako Seneti yake inakaa. Mchujo wa chama cha Democratic kumpata mgombea wa uchaguzi mdogo ukafanyika Novemba, na Palmer kura hazikutosha: akawa wa tatu, na Jesse Jackson mdogo ndiye akashinda. Basi akataka arudi kwenye kiti chake cha zamani. Wazee wakamwendea Obama wampoze, asubiri zamu yake. Akakataa. Alikuwa ameshachangisha fedha, ameshatembea nyumba kwa nyumba.

Palmer akakusanya saini mbio mbio, siku zikiwa zimebaki chache. Sheria ilitaka saini 757 za wapiga kura wa eneo lile. Alipeleka kama 1,580, mtu ungedhani zinatosha na kubaki. Mwanzoni mwa Januari 1996 watu wa Obama wakaenda kwenye tume ya uchaguzi ya jiji wakaanza kupitia karatasi, mstari kwa mstari. Huyu kaandika jina kwa herufi za chapa badala ya mwandiko wa kuunganisha: futa. Huyu anakaa ng'ambo ya pili ya mpaka wa eneo: futa. Huyu jina lake halimo kwenye daftari la wapiga kura: futa. Saini za Palmer zikashuka chini ya kiwango, akajitoa. Walikuwepo wengine watatu, nao wakaondolewa. Mmoja wao alipeleka karibu saini 1,900, na baada ya kukaguliwa akapungukiwa na 69 tu.

Kura za mchujo za Machi zilipofika, kwa upande wa chama cha Democratic karatasi ilikuwa na jina moja. Pale upande wa kusini chama hicho ndicho chenye nguvu na mchujo ndio uchaguzi wenyewe, kwa hiyo Novemba alipata asilimia 82 na hakuna aliyeshangaa. Miaka mingi baadaye gazeti la Chicago Tribune lilipomuuliza, alijibu kwa maana hii: asiyeweza kukusanya saini sawasawa anatia shaka kama ataweza kuwawakilisha watu.

Sasa swali lako la pili, na hapa naomba unisikilize kama mwalimu mstaafu, si kama mama tu.

Tofauti zipo, tena kubwa. Kule aliyekuwa na kiti ndiye aliyeondolewa, na aliyemwondoa alikuwa mgeni asiye na cheo. Daftari lilikuwa wazi kwa wote. Kila saini iliyopingwa ilitajwa sababu, na mwenye saini zake alikuwa na haki ya kuja kuitetea. Obama mwenyewe alipeleka zaidi ya 3,000, na yeyote angeweza kuzikagua zake. Kwetu, mwaka 2019 kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, wagombea wengi mno wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya fomu hata vyama vyao vikajitoa, na aliyekuwa akipima fomu hakuwa mpinzani bali ni mtumishi wa serikali. Ukishalijua hilo huwezi kusema mambo haya ni mamoja.

Lakini mwanangu, simama upande wa mpiga kura. Mama mtu mzima wa pale mtaani kwetu, aliyempenda Palmer kwa miaka yote aliyomtumikia, aliingia kwenye kibanda cha kura akakuta jina moja. Kwake yeye haikujalisha nani alihesabu saini. Kupita bila kupingwa ni kupita bila kupingwa, kwa Kimarekani au kwa Kiswahili. Mimi naona Obama alifuata sheria, na naona pia kwamba watu wa eneo la 13 walinyimwa kitu chao. Yote mawili nayashika pamoja. Anayeingia kwa mlango huo anaingia na deni, na ndiyo maana nataka uangalie alichofanya baada ya kuingia, kwa sababu wenzako wamekutajia mlango wakaishia hapo.

Alikuta chama chake ni wachache. Seneti ile ina viti 59, na chama kingine, Republican, kilikuwa kimeishika tangu 1993. Miswada ya walio wachache ilikuwa inafia kwenye kamati bila hata kusomwa. Safari yenyewe kutoka Chicago hadi Springfield ni zaidi ya kilomita 300, unakaa huko siku tatu nne za wiki, na nyumbani una mke. Katika hali hiyo, mwaka 1998 alifanikiwa kupitisha, pamoja na Kirk Dillard wa chama kingine, sheria ya kuwabana watunga sheria wasipokee zawadi za wenye maslahi wala kutumia fedha za kampeni kwa matumizi yao. Sheria za maadili kule zilikuwa hazijaguswa kwa maana kwa miaka kama 25. Mwaka huohuo akarudi kwa wapiga kura, safari hii akiwa na mpinzani, akapata asilimia 89.

Ulizaliwa mwaka huo, na ninalokueleza sasa nalikumbuka kwa sababu yako. Desemba 1999 kulikuwa na mswada wa kudhibiti bunduki, uliopigiwa debe na gavana mwenyewe, George Ryan. Obama alikuwa Hawaii na familia yake, na binti yake Malia, rika lako kabisa, alikuwa anaumwa. Hakurudi kupiga kura. Mswada ukakosa kura chache kupita, na magazeti yakamshambulia vibaya. Wiki hizohizo wewe ulikuwa na homa, nimekulaza kifuani, na nikasikia redioni watu wakimlaani. Mimi nilimwelewa kama mzazi. Ila ningekuwa mama ambaye mwanangu ameuawa kwa risasi pale mtaani, sidhani kama ningemwelewa.

Miezi mitatu baadaye alipigwa mweleka. Alikuwa ameingia kumng'oa Bobby Rush, mbunge wa Kongresi, mtu aliyekuwa kwenye harakati za Black Panther, chama cha Wamarekani Weusi cha kudai haki zao, anayejulikana kila kona ya upande wa kusini. Vuli iliyotangulia mtoto wa Rush alikuwa amepigwa risasi akafa, na mtaa mzima ulikuwa na simanzi pamoja naye. Rais Clinton alimpigia Rush kampeni redioni. Watu wakamsema Obama kuwa ni msomi wa chuo kikuu, si mwenzao. Tarehe 21 Machi 2000 Rush alipata asilimia 61, yeye 30, akabwagwa kura mbili kwa moja. Ndipo watu wa upande wa kusini walipopata nafasi ya kumchagua kati ya wagombea kadhaa wa chama chake, wakasema hapana. Napenda sana ukurasa huu wa rekodi yake kuliko asilimia 82 za mwanzo, kwa sababu ni wapiga kura walioandika, tena kwa wino wao.

Akarudi Springfield kwenye kiti chake cha nyuma akaendelea na kazi. Kuna jambo lingine la kipindi kile ambalo utalisikia, kwamba alipiga kura ya "nipo" mara 129 kati ya kura kama 4,000. Mtunga sheria wa kule ana vitufe vitatu mezani, kijani cha ndiyo, chekundu cha hapana, cha njano cha nipo. Mswada unahitaji kura 30 za ndiyo, yaani zaidi ya nusu ya viti vyote, kwa hiyo njano inauangusha mswada kama nyekundu. Mara nyingi chama kilikubaliana kuibonyeza kwa pamoja. Hata hivyo mtu anayekwenda kuomba kura anapaswa kuweza kusema ndiyo au hapana, na zile 129 kwangu zimezidi.

Mwaka 2001 mipaka ya maeneo ya uchaguzi ilichorwa upya, na kwa kuwa vyama vilishindwa kukubaliana, aliyepata haki ya kuchora alipatikana kwa jina kuchotwa kwenye kofia, mfano wa ile kofia ndefu ya Abraham Lincoln. Jina likatoka la Democratic. Eneo la 13 likanyooshwa kuelekea kaskazini kando ya ziwa hadi kwa matajiri, Obama mwenyewe akishiriki kulichora, na Novemba 2002 akapita tena bila kupingwa. Unaona jinsi deni linavyokua.

Ila uchaguzi huo ndio uliowapa Democratic Seneti, na kuanzia Januari 2003 akawa mwenyekiti wa kamati ya afya na huduma za jamii. Hapo ndipo kwa maoni yangu alianza kulipa. Jimbo lile lilikuwa limegundua watu zaidi ya kumi waliohukumiwa kifo bila hatia. Wengine walikiri makosa kwa sababu walipigwa na kuteswa na polisi wa Chicago kwenye chumba kilichofungwa. Obama akaleta mswada kwamba mahojiano ya mtuhumiwa wa mauaji yarekodiwe, tangu mwanzo hadi mwisho. Polisi walipinga, waendesha mashtaka walipinga, na gavana mpya wa chama chake mwenyewe hakuutaka. Akakaa nao mmoja mmoja, anawasikiliza, anabadilisha kifungu hiki, anakishikilia kile. Ulipofika kwenye kura, katika Seneti hakuna aliyeupinga. Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani ambalo bunge lake limeweka sharti hilo kwa sheria. Mwaka huohuo ikapita nyingine, ya kuwataka polisi waandike rangi ya kila dereva wanayemsimamisha barabarani. Nawafikiria vijana wa ile mitaa tuliyoishi, ambao siku hizi wakiingizwa kwenye chumba kile kwa kesi ya mauaji kuna kinasa sauti kinachozunguka mezani. Wengi wao hawajui nani alikiweka.

Yaliyofuata unayajua: mchujo wa Seneti ya taifa Machi 2004, asilimia 53 kati ya wagombea saba, kisha Novemba asilimia 70. Kiti chake Springfield akapewa Kwame Raoul, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, ambaye baadaye akawa mwanasheria mkuu wa jimbo.

Nimekuandikia marefu, lakini lipo ambalo sijawahi kukwambia. Katika uchaguzi mmoja huku nyumbani, ofisi sitaitaja, niliombwa kusaidia kupokea fomu. Alikuja kijana niliyemfundisha darasa la nne, anagombea uenyekiti wa mtaa. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Kwenye fomu aliruka herufi moja ya jina la mtaa wake. Niliiona kabla hajaikabidhi. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Aliyeketi pembeni yangu alinitazama, nami nikainamisha kichwa, nikagonga muhuri wa kupokelewa. Siku ya pili akaambiwa hana sifa. Alinisalimia, "Shikamoo mwalimu," akaondoka. Bado ananisalimia hivyohivyo tukikutana sokoni.

Kwa hiyo nenda Jumamosi, sikukatazi. Aliyeghushi saini mia moja za watu waliokufa lazima aonekane, na bila watu kama ninyi kukaa kwenye hizo karatasi haonekani. Kwanza kagueni za huyo mama wenu kwa macho yaleyale. Halafu ukifika kwenye jina la mtu unayeona wazi ni mkazi, anuani yake ni ya mtaa unaoupita kila siku, kosa lake ni mwandiko tu, usilipinge, hata mwenzako akikutazama. Na kama mwisho wa hesabu jina la mpinzani litafutika, mwambie mgombea wako aende kwa wale walioweka saini zake, nyumba moja moja, awaulize walikuwa wanataka nini.

Ukimaliza nipigie. Kwa saa zetu itakuwa usiku wa manane, lakini nitakuwa macho.

Mama yako