Picha moja, mbingu mbili

SWALI: Shikamoo mzee. Nina vitabu viwili vya sanaa ya Marekani, na vyote vina ile picha ya mpiga picha Ansel Adams ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Kwenye kimoja mbingu ni ya kijivu, na mawingu mepesi unayaona. Kwenye kingine mbingu ni nyeusi tii. Mwezi uleule, misalaba ya makaburini ileile. Ipi ndiyo picha halisi, na nani kaichezea?
Msomaji mwenye dukuduku

JIBU: Marahaba, mwanangu. Aliyeichezea ni Adams mwenyewe, na zote mbili ni halisi.

Tuanzie barabarani. Jioni ya tarehe 1 Novemba 1941 Adams alikuwa anarudi Santa Fe kwa gari, kutwa nzima hajaambulia picha ya kumridhisha. Mara akaona kanisa dogo, makaburi, na jua la mwisho likiimulika misalaba. Alisimama ghafla, nusura aliingize gari mtaroni, akaanza kupiga kelele apewe vifaa. Kamera yake ilikuwa ile kubwa ya sanduku, filamu yake inchi 8 kwa 10, si kitu cha kuchomoa mfukoni. Kipima mwanga kikatafutwa, hakionekani. Ikabidi akumbuke kwamba mwangaza wa mwezi ni kandela (kipimo cha mwanga) 250 kwa futi ya mraba, akapiga hesabu kichwani palepale, akafyatua kwa sekunde 1. Alipogeuza kibebeo cha filamu apige ya pili iwe akiba, jua likawa limeshaitoka misalaba. Basi negativu, yaani ile filamu yenye picha iliyogeuzwa, peupe peusi na peusi peupe, ambayo ndiyo huchapiwa nakala, ni hiyo moja tu. Hata tarehe hatukuipata kwake, maana alikuwa akiitaja picha hiyo kwa miaka tofautitofauti. Walioikokotoa ni watu wa elimu ya nyota, kwa kupima mwezi ulikuwa umesimama wapi.

Sasa twende chumba cha giza. Huko nimeishi mimi, miaka ya taa nyekundu na vidole vinavyonuka dawa hata ukiosha mara tatu. Mashine ya kukuzia humulika negativu juu ya karatasi, na pale panapopata mwanga mwingi ndipo panapokuwa peusi. Kwa hiyo ukibandika kipande cha kadibodi kwenye waya mwembamba, ukakipitisha juu ya uso wa mtu kwa sekunde 3 au 4, uso unabaki na nuru. Huko tulikuita kukinga. Ukichukua kadibodi pana yenye tundu, ukauachia mwanga uangukie mbingu peke yake, mbingu inaiva. Huko ni kuunguza. Siri iko kwenye mkono: usitulie hata kidogo, uwe unachezacheza, la sivyo kivuli cha kadibodi kitabaki kwenye karatasi. Niliwahi kusinzia kidogo nikamtoa bwana harusi na duara jeupe kichwani kama malaika. Sikulipwa, na sikudai.

Adams alikuwa fundi wa haya. Ujanani alijifunza piano akitarajia iwe ndiyo kazi yake, na alikuwa akisema negativu ni noti za muziki, kuchapa ndiko kuupiga. Na noti za Hernandez zilikuwa ngumu. Ardhi ya mbele haikupata mwanga wa kutosha, ikatoka hafifu kwenye negativu. Mwaka 1948 akajitosa kuitia sehemu ile ya chini dawa ya kuikoleza. Hebu fikiria: negativu haina pacha, ukiharibu umeharibu. Ikakubali. Kadiri miaka ilivyokwenda akawa anaiunguza mbingu zaidi na zaidi, mawingu yakamezwa, ukabaki mwezi na giza. Maishani mwake alichapa zaidi ya nakala 1,300 za picha hiyo. Kitabu chako cha mbingu ya kijivu kimetumia nakala ya mwanzoni. Kile kingine, ya uzeeni. Mimi naipenda ya mwanzoni. Ile nyeusi ni nzuri, ila inanipigia kelele.

Lakini usije ukadhani kila mkono unaoingia kwenye picha unapokelewa hivyo. Mwaka 1936, huko Nipomo, California, Dorothea Lange, mpiga picha aliyeajiriwa na serikali ya Marekani, alimpiga picha mama aliyekuwa kibarua mhamiaji, watoto wamemwegemea mabegani. Kwenye kona ya chini kulia kulikuwa na kidole gumba kimeshika nguzo ya hema. Miaka michache baadaye Lange akaagiza kifutwe, kinamharibia mpangilio. Bosi wake, Roy Stryker, hakupendezwa: hii ni kumbukumbu ya serikali, haiguswi. Sawa, ila huyohuyo Stryker negativu asizozitaka alikuwa akizitoboa tundu, na ukizichapa leo unakuta doa jeusi la duara, pengine katikati ya uso wa mtu! Kidole chenyewe hakikutoka vizuri. Kitazame kwa makini, kivuli chake bado kipo. Mimi ningekiacha.

SWALI: Mzee, rafiki yangu anabisha kwamba Georgia O'Keeffe alikuwa mpiga picha maarufu. Kweli?

JIBU: Alikuwa mchoraji, wa maua makubwa na mifupa ya jangwani. Rafiki yako amechanganywa na sura yake, maana mumewe, Alfred Stieglitz, alimpiga picha zaidi ya 300. Walianza kwa ugomvi: mwaka 1916 Stieglitz alitundika michoro ya mkaa ya O'Keeffe kwenye ukumbi wake wa maonyesho ulioitwa 291, New York, bila kumwomba ruhusa. O'Keeffe akaenda kudai iteremshwe. Haikuteremshwa, na mwaka 1924 wakaoana.