Uliza Fundi: Adapta ya Magazini na Mchezo wa Nusu Milimita

*Papa fundi, jambo. Mdogo wangu anaishi Phoenix, Arizona, huu mwaka wa sita. Ameingia klabu ya kupiga shabaha na anataka kushindana na karabina ya 9 mm, yaani bunduki fupi ya risasi za bastola. Ana bunduki ya AR-15 ya risasi za 5.56 na bastola ya Glock 17 ya 9 mm. Sehemu ya juu ya bunduki, ile yenye mtutu, ya 9 mm ameshainunua. Kilichomshinda ni adapta ya kupachikia magazini. Kuna za kuingiza kwa chini, za kuingiza kwa juu, za Glock, za Colt, na bei zake hazifanani hata kidogo. Amenitumia picha kumi kwenye WhatsApp eti kwa sababu mimi ni mtu wa mekanika, wakati mimi natengeneza Toyota. Achukue ipi? Au aachane nazo, anunue sehemu ya chini iliyozaliwa ya 9 mm?*
*Msomaji wa Bel-Air, Lubumbashi*

Ndugu wa Bel-Air, jambo sana. Mwambie mdogo wako kwamba mimi si mpiga shabaha. Mimi ni ajusteri, fundi wa kulinganisha vipande vya chuma. Nilisimama mbele ya tour, mashine ya kuchonga chuma, hapa hapa Lubumbashi mpaka 2003, kisha nikafuata kazi Afrika Kusini, kwenye karakana moja ya Germiston, na nikarudi nyumbani 2019. Bosi wangu wa Germiston ndiye aliyekuwa mpiga shabaha. Kila Jumamosi alikwenda uwanjani, na Jumatatu ananiletea kilichomkasirisha. Nayajua mambo haya kwa njia hiyo, kupitia kalipa, kile kipimo cha milimita, na hasira za mtu mwingine.

Kwanza neno lenyewe. Huku kwetu ukisema magazini, mtu anadhani unamtuma dukani. Nasema magazini kama wasemavyo Wakenya na Watanzania: kile kibweta chenye springi kinachobeba risasi, ambacho sisi tunakiita sharjeri.

Sasa adapta ni ya nini? Risasi ya 5.56 ni ndefu, inafika milimita 57 kutoka kitako hadi ncha. Risasi ya 9 mm Parabellum, aliyoibuni Mjerumani Georg Luger mwanzoni mwa karne iliyopita, haifiki milimita 30. Kwa hiyo tundu la magazini la AR-15 ni kubwa mno kwa magazini ya 9 mm, kama kumvalisha mtoto koti la baba yake. Adapta ndiyo inayojaza nafasi iliyobaki. Colt walifanya hivyo kwenye bunduki yao ya 9 mm ya miaka ya 1980: walichukua bunduki ya aina hii hii, wakajaza tundu kwa vipande vya chuma, wakapachika magazini iliyotokana na ile ya Uzi. Kwa hiyo wazo ni la zamani, limejaribiwa, na halina uchawi.

Ila adapta haijazi nafasi tu. Kwenye AR-15 ya 5.56, kile kijino kinachosukuma ganda tupu litoke kimo ndani ya kulasi yenyewe, yaani kile kipande kizito kinachokwenda mbele na kurudi nyuma, nacho kinasukumwa na springi ndogo. Kwenye 9 mm ya aina hii, kijino hakimo ndani ya kulasi. Kinasimama chini, hakisogei. Kulasi inarudi na ganda lake, ganda linagonga kijino, linaruka nje. Na mtu akitumia adapta, kijino hicho mara nyingi kimo kwenye adapta. Adapta ikicheza, kijino kinacheza nayo. Leo ganda linatoka vizuri, kesho linabaki limesimama mlangoni kama mgeni asiyejua aingie au atoke.

Jumatatu moja bosi aliniwekea mezani kipande cha alumini cheusi, kizuri kwa macho. Akasema, "Kinakwama mara moja kila magazini mbili, na mimi sijui kwa nini." Nilikipachika, nikakitikisa kwa kidole, nikapima. Adapta ndani ya tundu ilicheza karibu sehemu nne za kumi za milimita kwa upande. Magazini ndani ya adapta ilicheza sehemu nyingine tatu. Kila kimoja peke yake ungeweza kukisamehe. Ukivijumlisha, unapata zaidi ya nusu milimita kati ya magazini na kulasi. Wewe unayefungua mabokisi ya gia unajua habari hii: ukitia bucha, ile pete ya kujaza nafasi, ndani ya bucha nyingine, kila kiungo kinaleta mchezo wake, yaani ulegevu wake, na michezo haigawanyiki, inajumlishwa. Wachomeleaji wa kule Kenya, namaanisha Kenya yetu ya hapa mjini, wangekwambia kwa neno moja: iko na jeu.

Magazini ikishuka kidogo tu, kulasi inapita juu ya kitako cha risasi badala ya kuisukuma. Ikiinama, pua ya risasi inagonga ukingo badala ya kupanda mteremko kwenda kwenye mtutu. Mpiga shabaha analaumu risasi, kisha springi, kisha mke wake. Kosa liko kwenye kipande cha tatu alichokiweka katikati.

Kwa hiyo mdogo wako asianze na adapta. Aanze na magazini, kwa sababu adapta ni mtumishi wa magazini. Ana Glock 17 tayari, na hilo linanifanya niegemee upande wa Glock bila kuona aibu. Magazini za Glock zinapatikana kila mahali kule Marekani, bei yake inavumilika, na ile ndefu ya risasi 33, iliyotengenezwa kwa ajili ya Glock 18, inaingia kwenye adapta hizo hizo. Upungufu wake ninaouona kama fundi ni mmoja: risasi zimepangwa safu mbili, lakini juu kabisa zinabanwa zitoke moja moja katikati. Za Colt zinatoka kwa zamu, kushoto na kulia, na kwa macho yangu huo ni mpangilio mwepesi zaidi, hata mkono hauumii wakati wa kujaza. Kama angekuwa hana kitu chochote, ningemwambia afikirie Colt. Lakini mtu mwenye magazini tano za Glock nyumbani kumwambia anunue ukoo mwingine ni kumtia hasara.

Jambo moja asilipite. Sehemu ya juu aliyoinunua ina kulasi, na kulasi hiyo imechongwa kwa ukoo fulani. Ya Colt ya zamani haina nafasi ya kupokea mdomo wa magazini ya Glock. Siku hizi nyingi zimechongwa zikubali zote mbili, lakini aulize kabla ya kulipa. Nimeona mtu akipiga tupa kulasi mpya ili iingie. Niliondoka chumbani.

Sasa kwa juu au kwa chini? Ya kuingiza kwa chini inashikwa na kile kishikio cha magazini cha bunduki yenyewe, kama magazini ya kawaida. Unaitia na kuitoa kwa sekunde chache, na jioni bunduki imerudi kuwa ya 5.56. Ni raha. Lakini ushikaji wake wote unategemea jino moja upande mmoja, na upande wa pili unabaki kuning'inia. Ya kuingiza kwa juu inakutaka ufungue bunduki, utenganishe sehemu mbili, uishushe kutoka juu. Ina ukingo unaoizuia kuanguka. Ikikaa, imekaa. Kama ina vijiskurubu vya kukaza kwa mbele na nyuma, bora zaidi. Kwa mashindano mimi naona ya juu, bila kusita. Mtu anayeshindana hageuzi bunduki kila jioni.

Kuna na njia ya tatu ambayo huenda imo kwenye zile picha kumi: kampuni ya Mean Arms inatengeneza Endomag, vipande vinavyoingia ndani ya PMAG, magazini ya plastiki ya 5.56, ili ibebe risasi za 9 mm. Hapo huweki adapta kwenye bunduki. Kila magazini inakuwa adapta. Ni akili nzuri. Ila ukiwa na magazini sita, una adapta sita za kupima badala ya moja, na zile za Glock alizonazo zinabaki kwa bastola tu.

Kuhusu kulasi kubaki wazi risasi zikiisha: adapta nyingine zina kijimkono cha kufanya hivyo, nyingine hazina. Wauzaji wanakipigia kelele sana. Kwa USPSA, chama cha michezo hiyo kule Marekani, daraja la karabina halina kikomo cha risasi kwenye magazini, na jukwaa, yaani zoezi moja la mashindano, hata refu kabisa halihitaji zaidi ya risasi 32. Mtu mwenye magazini ya 40 au zaidi akifika mahali pa kukauka, tatizo lake si kijimkono. Kwenye Steel Challenge, mashindano ya kupiga mabamba ya chuma, ndiyo kabisa: unapiga mabamba matano, unasimama, unaanza tena. Kama kipo na kinafanya kazi, sawa. Kama hakipo lakini adapta imekaza na kijino ni cha chuma kigumu, achukue hiyo hiyo.

Kinachoua ni kukwama. Piga hesabu nami. Karabina zote huko USPSA zinahesabiwa daraja dogo, lile la risasi za nguvu ndogo: risasi katikati ni pointi 5, pembeni 3, nje zaidi 1, kisha jumla inagawanywa kwa sekunde. Mtu amepiga 32 zote katikati kwa sekunde 20: 160 gawanya kwa 20, ni 8. Risasi moja ikikwama, akapoteza sekunde 4 kuitoa, ni 160 gawanya kwa 24, inabaki 6.67. Amepiga vizuri vile vile, lakini amepoteza karibu sehemu moja ya sita kwa ajili ya kipande cha alumini. Bosi wangu alipoiona hesabu hiyo kwenye karatasi ya mafuta alinyamaza, akaenda kununua sehemu ya chini iliyozaliwa ya 9 mm.

Na hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Kama mdogo wako anajaribu tu, mwaka huu wa kwanza, adapta ya juu iliyokaza inamtosha. Akigundua kwamba Jumamosi zake zote zimeliwa na mchezo huu, anunue sehemu ya chini ya 9 mm yenye tundu la Glock lililoinama, kwa pembe ya mpini wa bastola. Kiungo kimoja kimeondoka, na mchezo wake umeondoka nacho. Ajue tu kwamba kisheria kule Marekani sehemu ya chini ndiyo bunduki yenyewe, ina nambari, inanunuliwa kwa taratibu za bunduki. Adapta ni kipande tu.

Akishapata adapta, afanye hivi, bunduki ikiwa tupu na risasi zikiwa chumba kingine. Aitie, atikise kwa kidole, asikilize. Apake rangi ya kalamu ya alama kwenye kijino na chini ya kulasi, avute kulasi mara ishirini, kisha aangalie wapi rangi imekwaruzwa. Kijino kinatakiwa kuwa karibu sana na kulasi bila kuilamba. Vijiskurubu akaze kidogo kidogo, kwa zamu, na atie gundi ya kuzuia skurubu zisilegee, ya nguvu ya kati, si ile nyekundu, kwa maana siku moja atataka kuvifungua. Kisha aangalie nyuma, kwenye bafa, kile kipande kinachopokea kulasi ikirudi: kulasi ya 9 mm ni fupi, isipowekewa kipande cha kuzuia inarudi mbali kupita kiasi na kugonga kwa kishindo kile kishikio cha bunduki kinachoiacha kulasi wazi, mpaka kinavunjika. Wengi wanalaumu adapta kwa kosa hilo.

Uwanjani, kila magazini aiandike nambari kwa rangi nyeupe. Ikikwama, aandike nambari kabla ya kukasirika. Ikiwa ni namba 3 kila mara, magazini ni mgonjwa. Ikiwa ni zote, adapta.

*Papa fundi, kwa nini tusichonge adapta hiyo hapa kwenye tour? Alumini ipo.*
*Kijana wa Katuba*

Mwanangu, alumini ipo, tour ipo, na mikono yako naamini ipo. Lakini hapa Kongo silaha na risasi ziko chini ya Ordonnance-loi nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na pasipo ruhusa ya serikali mimi sichongi hata skurubu ya bunduki. Ndugu wa Bel-Air naye asikubali kutumiwa kipande chochote kwenye mizigo. Marekani ina sheria zake za kutoa vitu hivyo nje. Picha za WhatsApp zinatosha. Kama unataka kujifunza kazi ya kufuta mchezo kati ya vipande viwili, njoo na bucha ya pampu ya maji, tutaipima pamoja.