Madogo, fulaski haisuuzwi na besi!

Leo nimesimamia taitresheni (kudondoshea besi asidi hadi rangi igeuke, ujue imetumika kiasi gani) ya fom foo hapa Mbeya ninapopiga tempo, ualimu wa muda, nimerudi geto kichwa kinagonga. Madogo mnarudia yaleyale ya kwetu, sasa someni hapa maana asubuhi mlikuwa mnanichekea tu.

1. Toeni faneli kabla ya kusoma byureti, ule mrija mrefu wa kudondoshea asidi, na kale kapovu chini ya koki kafukuzeni.

2. Fulaski, ile chupa inayopokea besi. Hapa nakaa kidogo maana ndipo nilipozikwa. Mok yetu, ule mtihani wa majaribio, mwezi wa saba, baridi ya huku mnaijua, vidole havishiki hata pipeti, mrija wa kupimia besi. Mimi mtoto wa mama msafi nasuuza kila kitu. Byureti na asidi, sawa. Pipeti na besi, sawa. Fulaski nayo nikaisuuza na besi, nikamwaga harakaharaka, kikabaki kidogo chini nikasema aah si besi ileile. Nimejiroga. Asidi haijui ipi umepima na pipeti na ipi umeiacha kizembe, yenyewe kila OH (chembe ya besi) inayokutana nayo inaigeuza maji mpaka ziishe. Pale asidi ilitakiwa 25.0 za ujazo, mimi napata 26.1, mara 25.7, mara 26.4, kila raundi kinabaki kiasi chake. Nikailaumu MO, kile kiashiria cha rangi, nikaongeza matone hadi ikawa manjano nzito kama mchuzi wa binzari, hata sioni inapogeuka. Basi nikachungulia kwa jirani, nikaandika 24.9, 25.0, 25.0. Msimamizi kasimama nyuma yangu na byureti bado inasoma 26.4! Akaitazama, akatazama karatasi, akaondoka bila neno. Bora angenichapa. Fulaski ni maji ya distili tu jamani, hata yakibaki hayaongezi mole yoyote ya besi.

3. H2SO4 moja inakula NaOH mbili. Hiyo 1 kwa 1 ya mazoea acheni.

4. Asidi ikikurukia ni maji, mengi, ya bomba. Kuna mmoja leo nimemdaka anataka kujimwagia NaOH mkononi "ili ziuane ticha". Zitauana ndiyo, ila zinatoa joto zikiuana, na besi ikizidi inahamia kwenye ngozi, ule utelezi mnaousikia vidoleni ni mafuta yenu yanageuzwa sabuni.

5. Kiashiria: asidi dhaifu na NaOH, POP (fenolfthalini). HCl na sodiamu kaboneti, MO.

Kesho saa mbili tunarudia. Na wewe wa meza ya dirishani, ile 26.3 kwenye byureti na 25.0 kwenye karatasi nimeziona zote mbili.