Maswali Yenu: Ekari zilezile, kipato tofauti

SWALI: Mimi na jirani yangu tuna ekari tatu tatu za mahindi, mvua ni moja, mbegu ni ileile. Kila mwaka yeye hubaki na akiba, mimi nabaki na deni. Tatizo ni nini?

JIBU: Kabla ya kulaumu udongo, tazama palizi. Magugu huyaumiza mahindi zaidi katika wiki sita za mwanzo, kwa hiyo palizi ya kwanza inatakiwa wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota. Bahati mbaya, ndicho kipindi ambacho ghala ni tupu na mfuko mtupu, na wengi huenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya wenzao. Wakirudi kwao, magugu yameshakula mbolea. Mavuno yanapungua, chakula kinaisha mapema zaidi, na msimu ujao kibarua kinaanza mapema zaidi. Mwenye mbuzi wa kuuza, au mtoto anayetuma chochote kutoka mjini, hubaki shambani kwake wiki hizo. Ukimwona jirani yako anapalilia mapema, muulize hela ya kula anaitoa wapi. Usimuulize anatumia mbolea gani.

Kisha weka daftari: matumizi (mbegu, mbolea, vibarua, usafiri, magunia matupu, riba), mauzo, na kilicholiwa nyumbani. Hicho cha mwisho husahaulika, ilhali ni kipato. Kipige kwa bei ya shambani ya siku ile, la sivyo utadhani shamba halilipi.

SWALI: Niuze nikivuna au nisubiri bei ipande?

JIBU: Piga hesabu ya unyevu kwanza. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20, zikikaushwa hadi asilimia 13, hubaki kilo 92 hivi. Maana yake, kama kuna mnunuzi anayepokea mahindi yasiyokauka, bei lazima ipande kwa karibu asilimia 9 ndipo urudishe tu uzito uliopotea. Ongeza na wanachokula dumuzi, wadudu wanaotoboa mahindi ghalani.

Kupima ukavu, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi theluthi, weka vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika mbili tatu, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha juani. Isipoganda, bado usikimbilie kufunga. Mifuko isiyopitisha hewa inataka asilimia 13 hivi. Ndani yake wadudu humaliza oksijeni na kufa, lakini mahindi yasiyokauka huota ukungu humohumo. Na ukiufungua mfuko kila siku kuchota mahindi ya unga wa jioni, umewarudishia wadudu hewa. Tenga mfuko mmoja wa kuchota.

Kama una deni la riba ya kila mwezi, uza kiasi cha kulilipa, chakula cha nyumbani kikiwa kimeshatengwa, na kinachobaki ndicho cha kusubiria bei. Uza kwa mizani. Gunia lililoshindiliwa na kujazwa kupita mdomo ni kilo ulizotoa bure.

SWALI: Naweka mbolea ya kupandia, mahindi hayabadiliki. Niongeze?

JIBU: Hapana. Pima udongo. PH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, ikiwa chini ya 5.5 (udongo mchachu), sehemu kubwa ya fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea ya kupandia, hunaswa na aluminiamu na chuma kabla mizizi haijaipata. Kupunguza uchachu, weka chokaa ya kilimo wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwa kiwango kitakachotajwa na maabara, uichanganye na udongo wa juu.