Matumbawe Meupe ya Msimbati: Yamekufa au Yana Njaa?

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Msimbati, Mtwara. Mwishoni mwa kaskazi, maji yakiwa ya moto, matumbawe mengi yaligeuka meupe. Baada ya miezi kadhaa, yale ya duara yalirudisha rangi, lakini ya matawi yakaota utando wa kijani. Nimeambiwa yalipoteza mwani. Je, tukiyafungia mwani tunaoulima kwenye kamba, yatapona?

JIBU: Hapana, na utata huu umeletwa na lugha yetu, kwa kuwa neno mwani linabeba viumbe viwili tofauti kabisa. Mwani wa kamba, ukilifunika tumbawe, utalizibia mwanga. Mwani uliopotea ni wa seli moja, hauonekani kwa macho, nao huishi ndani ya mwili wa polipi, yaani mnyama mdogo ambaye kwa maelfu yake ndiye anayejenga tumbawe.

Polipi humpa mgeni wake hifadhi, hewa ukaa na taka zenye nitrojeni. Mwani huyageuza hayo, kwa nguvu ya jua, kuwa chakula kinachoweza kumtosheleza mwenyeji wake hadi asilimia 90 ya mahitaji yake ya nishati. Joto la maji likizidi lile la kawaida la mwezi wa joto kuliko yote kwa takriban nyuzi 1 ya Selsiasi, likadumu kwa majuma kadhaa, mitambo ya mwani ya kunasa mwanga huharibika na kuanza kutoa oksijeni ya aina inayounguza seli, na hapo polipi humtoa mgeni nje. Weupe uliouona ni mifupa ya chokaa inayoonekana kupitia nyama isiyo na rangi. Mnyama bado yu hai, ila ana njaa.

Kwa nini ya duara yalinusurika? Kwanza, nyama yake kwa kawaida ni nene kuliko ya matawi. Pili, mwani huu una jamaa nyingi, na ile iitwayo Durusdinium huweza kumwongezea tumbawe ustahimilivu wa nyuzi 1 hadi 1.5, ingawa mara nyingi kwa gharama ya kukua polepole, maana mgeni huyo ni mchoyo wa sukari. Bakteria waishio kwenye ute wa tumbawe nao wana sehemu yao: baadhi hupunguza makali ya oksijeni hiyo, wengine huzuia vijidudu vya maradhi. Watafiti wamejaribu kuwapaka matumbawe bakteria teule, na katika maabara matokeo yanatia moyo, lakini sioni namna ya kuifanya kazi hiyo katika Ghuba ya Mnazi nzima.

Wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekupwa sana, litazame tumbawe jeupe kwa karibu bila kuligusa. Likiwa na ute na nyama laini inayong'aa, liacheni: msitie nanga hapo, msilikanyage, wala msilivunje kwa ajili ya chokaa, kwani maji yakipoa mapema, mwani huweza kuongezeka tena kutokana na mabaki yaliyosalia ndani yake. Lile lililoota utando wa kijani limekwisha kufa.