Umeitwa chuo Eldoret? Kaa hapa nikwambie

Kila mwaka watu wakishapata nafasi za KUCCPS, ile ofisi ya serikali inayopangia wanafunzi vyuo, simu yangu hailali, wazazi wa huku Nairobi, Donholm na Umoja, wanauliza ati mtoto ameitwa Eldoret, sasa huko kukoje? Mimi nilisomea huko na nikabaki kufanya kazi kidogo kabla nirudi Nairobi, kwa hivyo wacha niandike mara moja.

Kwanza wacheni kuiita ushago. Eldoret ni siti tangu Agosti 2024, ya tano Kenya. Lakini pia usitarajie Nairobi, huko tauni unaimaliza kwa miguu, na ukimtoroka lekchara asubuhi jioni mtapatana sokoni akichagua nyanya. Watu wanajuana. Ukikopa kwa duka moja usilipe, duka la tatu tayari wanakujua jina.

Ukiambiwa Moi University uliza kampasi gani kabla ulipe keja yoyote, yaani nyumba ya kupanga. Kampasi kuu iko Kesses, hiyo ni zaidi ya kilomita 30 kutoka tauni, wale wa udaktari wako hapo tauni karibu na hospitali ya rufaa, na University of Eldoret ni chuo kingine kabisa, iko Chepkoilel. Mtu anachukua nyumba nzuri tauni alafu klasi ziko Kesses, nauli inamaliza HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, hata CAT ya kwanza, ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula, haijafika.

Sasa keja, hapa ndio watu wanalia. Wengi wanakimbilia geti ya chuo juu ni karibu, na ni sawa, muhula ukiwa umechangamka unapata chapo madondo mpaka usiku. Shida ni chuo kikifungwa, ama malekchara wagome, na Kenya hii watagoma tu. Baada ya wiki moja hivi mtaa unakufa, kibanda kinafungwa, boda hazionekani, umebaki wewe na keateka na mbwa wake. Na landilodi bado anataka renti ya hiyo likizo, hiyo muulize mapema, kabla ya dipoziti, pamoja na mambo ya maji.

Kama unasomea tauni mimi ningekwambia uishi na watu wa kawaida, Langas ama Kapsoya, kwa ploti yenye kuna mafundi, walimu, mama mboga. Hao hawafungi muhula. Jirani yangu alikuwa ananiuzia maziwa ya ng'ombe wake, akanifunza kusalimia kwa Kikalenjin, na nilipomaliza chuo ni yeye alinitajia kazi kwa duka la pembejeo, si profesa.

Baridi ni ya ukweli, mji uko karibu mita 2,100 juu, na Julai mvua inanyesha kila mchana karibu. Pitia Gikomba, lile soko la mitumba Nairobi, ununue jaketi nzito na blanketi kabla utoke.

Mwisho ni safari. Siku chuo kinafungwa kila mtu anataka matatu ya Nairobi, na nauli inapanda vile makanga ameamka. Ngoja siku mbili tatu ishuke. Na ukileta mursik, yale maziwa ya kuchacha ya Wakalenjin, usijaze chupa mpaka juu, gesi inasukuma kifuniko na mtakaa mpaka Nakuru mkinuka maziwa gari nzima.